Zimwi Unalolijua: Monster Hunter: World kwa Jicho la Ikolojia

Kuna gemu moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa wanyamapori alicheze kwa saa 20, halafu aliache. Linaitwa Monster Hunter: World. Kampuni ya Capcom ya Japani ililitoa Januari 2018 kwa PlayStation 4 na Xbox One, na limeuza nakala zaidi ya milioni 20. Mfululizo wenyewe ulianza 2004 kwenye PlayStation 2, na toleo jipya, Wilds, limetoka Februari 2025. Ila wengi wetu PS5 bado tunaiona kwenye picha tu, kwa hiyo leo nazungumzia hili la 2018, ambalo unaweza kulicheza kwenye PS4 ya mtumba.

Kama hujawahi kulisikia, usijali. Ukiingia kibanda cha gemu hapa mjini utakuta mpira, mpira tena, na ngumi kidogo. Hili ni tofauti. Wewe ni mwindaji uliyetumwa na Tume ya Utafiti kwenye bara jipya. Unapewa kazi: nenda msituni, mtafute mnyama fulani mkubwa, muue au mkamate akiwa hai. Ukirudi kambini, unatengeneza silaha na mavazi kwa magamba, mifupa na kucha zake, ili kesho umkabili aliye mkubwa zaidi. Basi, ndilo gemu zima. Na bado watu wanalicheza kwa mamia ya saa, wengine wakililaani huku padi iko mkononi.

Swali ni kwa nini wanalipenda hivyo, na kwa nini linawaudhi hivyo. Jibu langu kwa kifupi ni hili: gemu hili linakufundisha kumtazama mnyama kuliko gemu lingine lolote ninalolijua, kisha linakulipa ili uache kumtazama.

Nyayo kwanza, upanga baadaye

Tuanze na utamu wake. Katika magemu mengi ya kupigana, adui ana mstari mwekundu juu ya kichwa unaokuonyesha amebakiza uhai kiasi gani. Hapa mstari huo haupo. Unataka kujua kama mnyama amechoka? Mtazame. Akianza kudondosha mate na kusimama ovyo, ameishiwa nguvu. Akianza kuchechemea kuelekea kwenye pango lake, amekaribia mwisho, na hapo ndipo unapoweza kumtegea mtego na kumrushia mabomu ya usingizi umkamate hai. Mkia ukikatwa, hatakupiga tena kwa umbali uleule. Hali yake yote iko mwilini mwake, na kazi yako ni kuisoma.

Kabla ya hapo lazima umpate. Unakuta nyayo kwenye matope, alama za kucha kwenye gome la mti, ute kwenye jiwe. Kila unapokusanya dalili, vimulimuli unaotembea nao wanamzoea mnyama huyo, na baada ya muda wanaanza kukuongoza. Mwanzoni unaokota nyayo tatu nne na hujui unaelekea wapi. Ukishajifunza vya kutosha kuhusu spishi hiyo, vimulimuli wanaelekea moja kwa moja alipo. Maarifa yako yamegeuka kuwa njia. Sijaona gemu lingine linaloonyesha faida ya utafiti wa uwandani kwa uwazi namna hiyo.

Halafu pigano lenyewe. Kuna aina 14 za silaha, na nyingi zina tabia moja inayowaudhi wageni: ukishabonyeza, umebonyeza. Ukiinua panga kubwa, mkono unakwenda hadi mwisho wa safari yake, na kama mnyama amegeuka wakati huo, utajua mwenyewe. Wageni wanasema vitufe ni vizito. Mimi nasema hapo ndipo penye somo. Kwa kuwa huwezi kubadili uamuzi katikati, inabidi ujue mnyama atafanya nini nusu sekunde kabla hajafanya. Anjanath, yule anayefanana na Tyrannosaurus, hutangaza kwa mwili wake kwamba anataka kutema moto. Tobi-Kadachi, mwenye umbo kama la kindi anayeruka kwa ngozi ya ubavuni, hujikusanyia umeme tuli kwa kusugua manyoya yake, na manyoya yanaposimama unajua usimsogelee. Umeme tuli huo ni fizikia ile ile ya sweta la sufi linalotoa cheche ukilivua usiku wa baridi.

Mtu anayesomea tabia za wanyama ataitambua kazi hii. Tunaita etholojia: unakaa, unatazama, unaandika nini kilitangulia nini. Mchezaji wa Monster Hunter aliyefika saa ya 20 ana orodha ya tabia kichwani mwake ambayo hakuna aliyemkaririsha. Ameipata kwa kupigwa.

Msitu unaokula na kuliwa

Jambo la pili linalovutia ni kwamba wanyama hawa hawakusubiri wewe. Great Jagras, mjusi mkubwa wa Msitu wa Kale, humeza mnyama mla majani mzima mzima, tumbo likavimba hadi likaburuzika chini. Kulu-Ya-Ku, ndege asiyeruka, huiba mayai ya wenzake, na akikosa yai hubeba jiwe na kulitumia kama ngao. Wakubwa wawili wakikutana wanapigania eneo, na wewe unajificha pembeni hadi wamalizane.

Kizuri kuliko vyote ni jinsi ramani mbili zinavyounganishwa. Juu kuna Nyanda za Matumbawe, zenye rangi nyingi na uhai mwingi. Chini yake kuna Bonde la Uozo, shimo refu lenye mizoga. Wanaokufa juu huangukia chini, na huko kuna viumbe wanaoishi kwa kuwala waliooza. Wanasayansi wa bahari wanajua habari kama hii: nyangumi akifa na kuzama, mzoga wake hulisha jamii nzima ya viumbe kwenye sakafu ya bahari kwa miaka mingi. Waliobuni gemu hili walielewa kwamba ikolojia ni zaidi ya orodha ya wanyama. Ni mtiririko wa chakula na nishati kutoka kiumbe hadi kiumbe.

Sasa, mtu wa sayansi lazima apige hesabu, na hesabu inakataa. Mwaka 2002 Chris Carbone na John Gittleman walichapisha katika jarida la Science kanuni waliyoipata kwa kulinganisha wanyama wala nyama wa aina nyingi: kilo 10,000 za mawindo hutunza takriban kilo 90 za mla nyama, awe mdogo au mkubwa. Tuseme Anjanath ana tani 5, sawa na tembo dume wa wastani. Gawanya 5,000 kwa 90, zidisha kwa 10,000: unapata kama tani 555 za mawindo. Nyati mmoja tukimpa kilo 600, hao ni nyati zaidi ya 900 kwa Anjanath mmoja tu. Utasema kanuni hiyo ilitokana na mamalia wenye damu moto, na reptilia hula kidogo zaidi. Haya, punguza hadi sehemu moja ya kumi. Bado unahitaji nyati 90, na msitu huo huo una Rathalos na Rathian juu yake. Ukitembea humo utahesabu wala majani wachache wanaonywa maji, basi.

Hili silikasirikii. Hakuna anayetaka kutembea katikati ya nyati 900 kabla ya kumfikia mnyama anayemtafuta. Kila hadithi hukopa kitu kutoka kwa ukweli. Maudhi yenyewe yako kwingine.

Maudhi madogo

Yapo ya kawaida, na ni haki yako kuyajua kabla hujatoa hela. Uwindaji mmoja unaweza kupewa hadi dakika 50. Ukizimia mara tatu, paka wanakurudisha kambini kwa mkokoteni, na mara ya tatu kazi imekwisha bila malipo. Lilipotoka, gemu halikuwa na njia ya kusimamisha pigano hata ukiwa unacheza peke yako. Mama akikuita, Rathalos hasubiri. Na kwa kuwa maendeleo yako huhifadhiwa baada ya kazi kumalizika, umeme ukikatika dakika ya 45 umepoteza dakika 45. Kwenye kibanda unakolipia kwa muda, hesabu ni mbaya zaidi: umelipia saa nzima, umepata nusu ya kobe.

Kucheza na wenzako ndiyo raha kubwa, hadi wanne kwa pamoja, lakini kwenye PS4 kunahitaji intaneti na usajili wa kulipia. Hakuna kukaa wawili kwenye televisheni moja na padi mbili, kama tulivyozoea kwenye mpira. Na hata mkiwa na intaneti, kazi za hadithi haziruhusu wenzako waingie hadi kila mmoja awe ameshaitazama sehemu ya filamu peke yake. Yaani mnapanga kucheza pamoja, kisha mnaanza kwa kucheza mbalimbali.

Menyu nazo ni msitu mwingine. Maelezo ni mengi, maandishi ni madogo, na Kiswahili hakimo kati ya lugha zake. Mpira unaweza kuucheza bila kusoma neno. Hapa usiposoma hutajua kwa nini upanga wako unadunda.

Lakini haya yote mtu anavumilia. Tumezoea kuvumilia zaidi ya hayo kwa raha ndogo kuliko hiyo.

Udhi kubwa: kito kisichotoka

Ngoja sasa ufike saa ya 40. Unataka silaha fulani, na silaha hiyo inahitaji kito kimoja cha Rathalos. Kito hutoka kwa bahati. Unamwinda Rathalos, unamchuna, unapata magamba. Unamwinda tena, magamba. Unamwinda mara ya kumi na nne, magamba, na yule rafiki uliyemwalika jana kapata vito viwili siku ya kwanza.

Tufanye hesabu, maana hapa watu wengi hudhani gemu linawaonea. Chukua kwa mfano kwamba kila unapojaribu, uwezekano wa kupata kito ni asilimia 2. Wengi husema: asilimia 2 ni moja kwa 50, kwa hiyo nikijaribu mara 50 nitakipata. Sivyo. Uwezekano wa kukikosa kila mara ni 0.98. Uwezekano wa kukikosa mara 50 mfululizo ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 50, ambayo ni kama 0.36. Maana yake, kati ya wachezaji 100 waliojaribu mara 50, kama 36 wako mikono mitupu. Wakifikisha majaribio 100, kama 13 bado hawana kitu. Hakuna aliyerogwa. Na mashine haikumbuki kwamba umeshakosa mara 49. Jaribio la 50 lina asilimia 2 zile zile za jaribio la kwanza.

Kwa nini basi mtu haachi? B. F. Skinner alishalifanyia kazi swali hili kwa njiwa na panya katikati ya karne ya 20. Mnyama anayepata punje kila anapodonoa kitufe huacha haraka punje zikikoma. Anayepata punje kwa bahati, mara baada ya kudonoa mara 5, mara baada ya 60, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana. Mashine za kamari zinatumia ujuzi huo huo. Tofauti moja ya haki lazima niiseme: kito cha Rathalos hukinunui kwa pesa. Unakilipa kwa jioni zako.

Hata hivyo, muda unaopotea siyo hasara kubwa kuliko zote. Angalia macho yako yanavyobadilika. Mara ya kwanza ulipomwona Rathalos akitua kwenye kiota chake juu ya Msitu wa Kale, ulisimama ukamtazama. Mara ya thelathini humtazami tena. Unajua atasimama wapi, unajua utamkata wapi ili upunguze sekunde 40. Nyayo huziokoti, kwa sababu kiwango chako cha utafiti kimeshajaa na vimulimuli wanakupeleka wenyewe. Maarifa yaliyokuwa njia ya kumfikia mnyama yamegeuka kuwa njia ya kumruka. Rathalos amekuwa gunia lenye mabawa, na wewe unapekua ndani ukitafuta kito.

Ndiyo maana nilisema saa 20. Baada ya hapo gemu linaanza kufuta lilichofundisha.

Neno moja linalouma ukiwa Morogoro

Kuna jambo ambalo huenda mchezaji wa kwingine hatalitilia maanani, lakini ukiwa chini ya Uluguru huwezi kuliacha. Gemu lina viumbe wadogo wengi, mijusi, wadudu, ndege, samaki, ambao huwapigi. Unawakamata kwa wavu, unaweza hata kuwafuga chumbani kwako. Jina rasmi ambalo gemu limewapa ni viumbe endemiki.

Endemiki ni neno la kazi yetu. Maana yake ni kiumbe ambaye yuko sehemu moja tu, na akitoweka hapo ametoweka duniani. Inua macho kutoka barabara yoyote ya mji huu utaiona sehemu ya namna hiyo. Kwenye msitu wa Uluguru Kaskazini, juu kwenye vichwa vya miti, anaishi ndege ambaye kisayansi anaitwa Malaconotus alius. Alielezwa mwaka 1927, na tangu hapo hajapatikana mlima mwingine wowote. Watafiti humtambua kwa sauti mara nyingi zaidi kuliko kwa macho. Yuko pia chozi wa Loveridge, ndege mdogo mnyonya maua, naye ni wa Uluguru peke yake. Kwenye majani yaliyolowa wamo vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao huzaa watoto kamili badala ya kutaga mayai majini, jambo adimu kabisa kwa vyura. Msitu uliobaki ulitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, hekta kama 24,000 hivi, na kuuzunguka pande zote kuna mashamba na vijiji vya watu wanaohitaji kula.

Katika gemu, ukimkamata kiumbe endemiki ukatoka na kurudi, yuko palepale. Ukimkamata mara 100, yuko palepale. Neno limechukuliwa, maana yake imeachwa mlangoni.

Na wavu ule ungeweza kufanya kazi kubwa zaidi. Hebu fikiri: unakamata mijusi 40, unawawekea alama, unawaachia. Baada ya wiki unakamata 50, na kati yao 10 wana alama. Sehemu moja ya tano ya uliowakamata ina alama, kwa hiyo wale 40 wa mwanzo huenda ni sehemu moja ya tano ya wote. Jumla: kama 200. Hesabu ya darasa la sita, na tayari unajua kitu ambacho hakuna awezaye kukiona kwa macho. Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wamewakamata, kuwatia alama na kuwaachia panya wa shambani, Mastomys natalensis, hapahapa Morogoro kwa zaidi ya miaka 20. Wameonyesha jinsi mvua inavyoamua idadi yao, kutoka makumi machache kwa hekta hadi mamia, na kutoka mamia kurudi chini. Mkulima wa mahindi anaijua pande zote mbili za hesabu hiyo.

Sasa fungua daftari la wanyama ndani ya gemu. Litakuambia Rathalos anaumia wapi, anaogopa elementi gani, akichunwa anatoa nini na kwa asilimia ngapi. Fungua kadi yako ya uwindaji: imeandika umewaua Rathalos wangapi, na mkubwa kuliko wote alikuwa na ukubwa gani. Namba moja tu haipo popote. Tume nzima ya Utafiti, yenye meli, wasomi na wazee wenye miwani, haijawahi kuuliza wamebaki wangapi.

Bonde ambalo halikujaza upya

Kuna watakaosema: ni gemu tu, mnyama anarudi kwa sababu lazima arudi, la sivyo tutacheza nini? Hoja hiyo naipokea. Lakini kwa kuwa tunaishi tunakoishi, nikukumbushe mahali ambapo mnyama hakurudi.

Mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa, kwenye Milima ya Udzungwa, kuna bonde la mto Kihansi. Mwaka 1996 iligunduliwa hapo spishi ya chura mdogo wa rangi ya dhahabu, wa jenasi ile ile ya vyura wa Uluguru wanaozaa. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa kwa rasharasha za maporomoko. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Lilipoanza kazi, maji yaliyokuwa yakianguka bondeni yalipungua kwa takriban asilimia 90, na rasharasha zikakatika. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na bondeni zikawekwa bomba za kunyunyizia maji. Kwa muda ilionekana kama inafanya kazi. Kisha 2003 idadi ikaporomoka ghafla, huku fangasi anayeshambulia ngozi za vyura akigunduliwa bondeni. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wale waliozaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Wajukuu wao walianza kurudishwa bondeni mwaka 2012, na kazi hiyo ni ya kubembeleza.

Simwambii mtu kwamba bwawa lisingejengwa. Kihansi inatoa megawati 180, na umeme huo uko kwenye gridi ile ile inayowasha PlayStation na taa ya chumba cha kujifungulia. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo, wa kupima uhai wa kiumbe dhidi ya mahitaji ya watu, ndio uamuzi mgumu kuliko wote katika kazi yetu. Gemu lenye Tume ya Utafiti ndani yake lingeweza kuugusa.

Na linaweza, kwa sababu mara moja limefanya hivyo. Kama hujacheza na hutaki kujua hadithi, ruka aya hii. Zorah Magdaros ni kiumbe mkubwa kama mlima, mgongoni ana volkano. Tume inagundua kwamba anakwenda kufa, na kwamba akifia bara lile, nguvu itakayomtoka italiangamiza. Kumuua siyo jibu. Wanatumia walichojifunza kumwelekeza baharini, afie huko, na nguvu zake zilishe bahari. Hapo tu, katika hadithi nzima, utafiti unabadilisha kitakachotendeka. Kwingine kote utafiti unanoa panga.

Basi, lichezwe au lisichezwe?

Lichezwe. Nalisema bila kusita. Hakuna gemu la mapigano linalomheshimu mnyama kama hili katika saa zake za mwanzo. Linamtaka mchezaji atulie, asome nyayo, akubali kwamba mnyama ana njaa yake, eneo lake na hasira zake ambazo hazikuhusu. Kijana aliyezoea kubonyeza ovyo atajifunza subira hapa, na subira ndiyo nusu ya sayansi ya uwandani.

Ila lichezwe hivi. Usikimbilie kito. Silaha ya kawaida inatosha kufika mwisho wa hadithi. Kamata hai kila unapoweza, maana kukamata kunakulazimisha kutazama hadi dakika ya mwisho. Na siku utakapojikuta unawinda huku unaangalia simu, zima. Umeshamaliza gemu, hata kama lenyewe halijakuambia.

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walimaanisha kwamba anayekufahamu, hata akikudhuru, atakubakizia kitu. Ndani ya gemu hili zimwi ni wewe: unamjua Rathalos kuliko yeyote, unamla mara hamsini, na haishi kwa sababu mashine imeamua asiishe. Huku nje hakuna mashine ya namna hiyo. Anayewajua viumbe wa Uluguru ndiye pekee anayeweza kuamua kuwabakiza, na kwanza lazima awahesabu.

Kwa hiyo ukimaliza saa zako 20, una mtihani mmoja rahisi. Asubuhi ya Jumamosi panda njia ya Morningside hadi unapoanza kuuona msitu. Simama dakika 10 bila kuongea. Andika umesikia sauti ngapi tofauti, na ngapi kati ya hizo unajua ni za nani. Wengi wetu tutaandika namba mbili zilizo mbali sana. Kazi yetu iko katikati ya namba hizo.